Fungasha kwa Siku ya Kukosa

Orodha nyingi za kufungasha kwa ajili ya safari ya kuvua baharini kwa kayaki zimeandikwa na mtu ambaye kichwani mwake samaki ameshavuliwa, ameshapigwa picha na ameshachomwa. Zinaanza na fimbo za kuvulia. Zinafuata chambo bandia za kila rangi, kamera isiyoingia maji, na deli la barafu la kuhifadhia mavuno. Maji ya kunywa yanatokea chini kabisa, katikati ya dawa ya mbu na karatasi za chooni. Jaketi la kuokoa maisha, kama limekumbukwa, limeandikiwa pembeni: "watatupa wenye kayaki".

Nasema orodha hizo ni mbaya, na sitamung'unya maneno. Ubaya wake hautokani na urefu wala ufupi. Zimepangwa kwa ajili ya siku ya kupata, na safari ya siku 4 baharini inapangwa kwa ajili ya siku ya kukosa: siku ambayo samaki hakushika, upepo haukulala, simu imeingia maji, mwenzako ameumia bega, na ufuko uliotaka kulala umekuta haufai. Anayeweza kuimaliza siku hiyo akiwa mzima hahitaji mpango mkubwa kwa siku ya kupata. Kisu na chumvi vinamtosha.

Nalisema hili kwa sauti kwa sababu mchezo huu umefika kwetu. Ukienda Kilifi, Watamu, Unguja au Mafia utakuta kayaki za plastiki zimepangwa ufukweni, na baadhi ya wanaozikodi sasa ni vijana wa mjini wenye digrii, mshahara wa kwanza na hamu ya haki kabisa ya kuijua bahari yao wenyewe. Siwacheki. Nimechoka miaka mingi kuona bahari yetu ikifurahiwa na wageni huku sisi tukiitazama kutoka kwenye daladala. Hata hivyo, kijana huyu anapotaka kujifunza, anachokutana nacho kwanza ni tangazo. Anaambiwa "jipange", na siku hizi neno hilo maana yake imekuwa "nunua".

Mwaka jana marafiki zangu wanne walinitumia orodha yao. Nafanya shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu maisha ya wavuvi wadogo wa pwani ya Tanga, kwa hiyo walidhani nitaisifu. Walikuwa wanapanga siku 4 na usiku 3 mwezi wa Julai, kutoka Pangani. Orodha ilikuwa na vitu 43. Vitu 12 vya kwanza vilikuwa vya kuvulia au vya kupigia picha. Droni ilikuwa namba 6. Maji yalikuwa namba 31, na yaliandikwa hivi: "maji, katoni 2".

Tupige hesabu, maana hesabu haina chuki na mtu. Katoni moja ya chupa 12 za lita moja na nusu ni lita 18. Katoni mbili ni lita 36. Gawanya kwa watu 4, kila mmoja anapata lita 9. Gawanya kwa siku 4, anapata lita 2 na robo kwa siku, na hapo hajachemsha chai, hajapika ugali, hajasafisha kidonda. Mtu anayepiga kafi juani kutwa nzima, akilambwa na chumvi, apange lita 4 kwa siku. Kwa watu 4 na siku 4, hizo ni lita 64. Ongeza siku moja ya kukwama, maana kukwama ni sehemu ya safari ya bahari, ufikie lita 80. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo kila mmoja wao alipaswa kuondoka na kilo 20 za maji tu, kabla hata hajafikiria ndoana.

Hapo ndipo orodha yote inapoanza kupumua kwa shida. Kayaki nyingi za kuvulia za mtu mmoja hutangazwa kubeba kilo 150 hadi 200, na ndani ya kilo hizo umo wewe mwenyewe. Mtu wa kilo 75 akishakaa, akaweka maji kilo 20, chakula, hema, nguo na nanga, kinachobaki ni kidogo. Na mwenye akili haijazi kayaki hadi kikomo, kwa sababu kayaki iliyolemewa inakaa chini, inamezwa na kila wimbi na haigeuki upesi. Deli lililojaa barafu linapingana moja kwa moja na maji yako ya kunywa. Lazima kimoja kishuke. Katika orodha ya marafiki zangu kilichokuwa kimeshuka ni maji.

Lakini maji yalikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuwa mahali pa kulala. Walipanga kupiga hema usiku wa kwanza na wa pili kwenye Kisiwa cha Maziwe, kilomita kama 8 kutoka Pangani, kwa sababu ramani ya simu inaonyesha kisiwa na picha za mtandaoni zinaonyesha mchanga mweupe. Niliwaunganisha kwa simu na mzee mmoja wa Pangani aliyevua maji hayo tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnasema mnalala Maziwe. Mnalala juu ya nini?"

"Tuna hema, mzee."

"Hema mtalifunga wapi? Maji yakijaa pale, hata shakwe hapati pa kutua."

Mzee hakuwa anatia chumvi. Zamani Maziwe ilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga mayai humo. Miti ilikwisha, mchanga ukahama, na sasa imebaki fungu linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa bara ili yasioze ndani ya maji. Kasa mwenyewe, mwenye pumzi ya kukaa chini ya bahari, hawezi kuacha watoto wake pale. Marafiki zangu walitaka kuacha pale hema, droni na usingizi wao. Zaidi ya hayo, Maziwe ni eneo tengefu. Hakuna kuvua. Safari ya kuvua ilikuwa imepangiwa mahali ambapo haramu ni mbili: kulala hakuwezekani na kuvua hakuruhusiwi. Na katika vitu 43 hapakuwa na hata kimoja kilichosema "uliza".

Kupanga, basi, kunaanza mbali na duka. Kunaanza na kalenda. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi hivi, na kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, ikiwa kali zaidi Juni, Julai na Agosti. Katikati yake kuna tangambili, wakati upepo unapobadilika na bahari mara nyingi inapotulia. Mvuvi wa ngalawa anayajua haya kama unavyojua foleni ya njia yako ya kwenda kazini. Kijana wa mjini anachagua Julai kwa sababu ndipo alipopata likizo.

Baada ya kalenda ya mwaka ipo ya mwezi, namaanisha mwezi wa mbinguni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti yake katika pwani ya Tanga huzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo kuna maji mafu. Bamvua maana yake ni mikondo mikali midomoni mwa mito na kwenye milango ya miamba. Maana yake pia ni kwamba ufuko uliofika kwa ulaini asubuhi, mchana unaweza kukuta umekuwa nusu kilomita ya matope na mawe yenye urumba, na wewe unaburura kayaki yenye mizigo ya kilo 60. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Ukiwa na karatasi na penseli unaweza kupanga siku zako 4 zote ukiwa umekaa sebuleni. Karatasi hiyo ina uzito mdogo kuliko chambo bandia moja, na sijawahi kuiona kwenye orodha yoyote niliyotumiwa.

Kisha ipo kalenda ya siku. Alfajiri upepo mara nyingi umelala, au kuna umande unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Umande huo ni mtego. Unapokuwa ufukweni unauona mgongoni mwako, maji mbele yako yametandikwa kama shuka, kayaki inateleza yenyewe, nawe unajisifu kwamba una mikono. Kumbe unasukumwa. Utakapogeuka ndipo utakapojua umepiga kafi kiasi gani na umebebwa kiasi gani. Chini ya hapo kuna mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao kwa upande wa Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima na hupata nguvu zaidi wakati wa kusi. Mpigaji kafi wa kawaida, mwenye mizigo, huenda kilomita 4 au 5 kwa saa kwenye maji matulivu. Mkondo wa kilomita 3 kwa saa ukiwa kinyume chake, hesabu mwenyewe kinachobaki, halafu ongeza upepo usoni.

Ndiyo maana taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa inayosema upepo utafika kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2 haipaswi kusomwa kama habari. Kwa mtu wa kayaki hiyo ni amri ya kubaki. Na tusijidanganye kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagascar. Tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Unguja bado wanakumbuka kimbunga cha 1872.

Najua jibu ninaloandaliwa, kwa sababu nimeshalisikia. "Mbona wazee wetu walikwenda na kafi na dua tu? Mbona wavuvi wanakwenda dago wiki nzima bila hizo karatasi zako?"

Jibu hili linajifanya linawaheshimu wazee. Linawatukana. Linasema walikuwa hawana mpango, walikuwa na bahati. Mtu yeyote aliyewahi kuwatazama wavuvi wakijiandaa kwenda dago, yaani kuhamia kambi ya mbali kwa siku kadhaa au wiki kadhaa kwa kumfuata samaki, anajua kwamba ile ni kazi ya uhasibu. Madumu ya maji yanahesabiwa kwa vichwa. Unga, chumvi, mafuta ya taa, viberiti vilivyofungwa kwenye nailoni na kuwekwa ndani ya kopo. Sindano ya kushonea tanga. Upo wa kukumbia maji, na haukai mbali na mkono. Kamba ya ziada. Kipande cha mbao na kalafati ya kuzibia ufa. Hakuna aliyeyaandika kwa sababu yamekwisha kuandikwa mahali pengine: mtoto aliyesahau upo mara moja hasahau tena maisha yake yote. Orodha ipo. Haiko kwenye simu.

Lakini pia sitaki kumfanya mvuvi awe malaika wa hekima, maana wapo wanaofanya hivyo na wakitoka hapo hawamsaidii kwa lolote. Mjomba wangu ni mvuvi wa mshipi, Kipumbwi. Aliwahi kwenda dago na wenzake wawili kwa ngalawa, na vitu vyote, kuanzia unga hadi barafu, walikopeshwa na tajiri anayenunua samaki wao. Siku mbili za kwanza hawakupata kitu. Siku ya tatu upepo ulibadilika, na wote watatu waliuona. Walitoka. Mrengu mmoja ulivunjika, ngalawa ikalala ubavu. Mjomba aliokotwa na jahazi kesho yake asubuhi. Alikuwa amejifunga kiunoni dumu tupu la lita 20. Mwenzao mmoja hakuonekana.

Nilipomuuliza kwa nini walitoka ilhali waliuona upepo, alinyamaza kwanza, akachezea kofia yake. Akasema, "Siku ile, mwanangu, sikuwa navua samaki. Nilikuwa navua deni."

Watatu hawa walijua kalenda zote tatu kuliko nitakavyozijua mimi. Kilichowatoa ni kwamba safari yao haikuwa na nafasi ya kukosa. Ilikuwa imepangwa na mtu wa nchi kavu, kwa hesabu ya kupata peke yake. Na hapa ndipo ninapokasirika na orodha za marafiki zangu, maana wao hawana tajiri anayewadai, ila wamejitengenezea wao wenyewe. Wameshatangaza safari. Wameshaahidi video. Wameshalipia kayaki kwa siku 4 na pesa hairudi. Siku ya pili upepo ukibadilika, watatoka, kwa sababu na wao wanavua deni. Tofauti ni kwamba mjomba alikuwa na watoto wa kulisha. Wao wana wafuasi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kufungasha ni ruhusa ya kurudi. Kabla hamjaondoka, kubalianeni kwa sauti, kila mtu asikie: upepo ukifika hivi, hatutoki. Saa 5 asubuhi ikifika hatujavuka mdomo wa mto, tunageuka. Mmoja wetu akisema "naogopa", tumegeuka, na hakuna atakayemuuliza sababu wala kumtania siku ya harusi yake. Wekeni akiba ya siku moja ambayo haina kazi yoyote. Lipieni kayaki kwa namna ambayo mkirudi mapema hamtajisikia wajinga, na kama mwenye kayaki hataki, tafuteni mwingine. Haya hayauzwi popote, ndiyo maana hayamo kwenye matangazo.

Tulirudie lile dumu tupu, kwa sababu lina nduguye mbali sana. Kayaki haikuzaliwa mchezo wa likizo. Wainuit wa Greenland na wa Aktiki ya Amerika waliiunda kwa ajili ya kuwinda sili kwenye maji yanayoua kwa baridi. Fremu ilikuwa ya magogo yaliyoletwa na bahari na mifupa, ikavikwa ngozi ya sili, na ilipimwa kwa mwili wa mwindaji mwenyewe, kama suti kwa fundi. Nyuma yake mwindaji alibeba ngozi nzima ya sili iliyojazwa upepo na kufungwa kamba kwenye chusa, ili mnyama aliyechomwa asizame, na boya hilo liliweza kumshika na mtu pia. Alivaa koti la ngozi lililokazwa kuzunguka tundu la kayaki maji yasiingie. Alijifunza tangu utotoni kupinduka na kujirudisha juu. Huyo ndiye aliyebuni chombo unachokodi kwa saa, na maarifa yake mengi yalihusu kupinduka. Sili alikuja baadaye.

Mjomba wangu hajawahi kusikia habari za Greenland. Dumu lake na ngozi ile ni wazo moja. Hata hivyo dumu si jaketi. Mtu akichoka mikono inaachia, na dumu halimshikii kichwa juu ya maji. Mvuvi anafunga dumu kwa sababu jaketi zuri ni ghali kwake. Wewe uliyenunua fimbo mbili za kuvulia, huna udhuru huo. Jaketi ni namba moja kwenye orodha, na linavaliwa. Jaketi lililofungwa nyuma ya kayaki kama godoro la safari ni mzigo tu. Nunua la kwako, linalokukaa kifuani, ulijaribu ndani ya maji. "Watatupa wenye kayaki" ni sentensi iliyosemwa na watu wengi kabla ya kugundua kwamba kifungo hakifungi.

Na jizoezeni kupinduka. Kina cha kiuno, karibu na ufuko, mkiwa na mizigo yote iliyofungwa kama mtakavyosafiri nayo. Pindueni kayaki, irudisheni, pandeni. Mara 5 kila mtu. Hapo mtagundua mambo ambayo hakuna orodha itakayowaambia: kwamba kafi isiyofungwa kamba inakimbia, kwamba ndoana zilizoachwa wazi huingia kwanza kwenye mkono wa mwenye nazo, kwamba mshipi ulioachiwa unazunguka miguu, kwamba kisu kilichofungiwa ndani ya mkoba hakisaidii. Ndoana zikae ndani ya kopo lenye kifuniko. Kisu kikae kifuani.

Vingine nitavitaja haraka, maana vinaeleweka. Maji yagawanywe kwenye vidumu vya lita 5, siyo pipa moja, ili kikipasuka kimoja kisiwaue. Vizito vikae katikati na chini, vyepesi nyuma na mbele. Chakula kiwe kile kinachoweza kuliwa bila moto: tende, karanga, mihogo iliyochemshwa, chapati za siku ya kwanza. Samaki msimwingize kwenye hesabu ya chakula hata kidogo. Kofia, shati la mikono mirefu, chandarua kwa sababu mbu wa mikokoni hawajui kwamba uko likizo. Msikate mikoko kwa ajili ya kuni.

Mtu atauliza, je, siku ya kupata? Nayo ina adabu yake, na hata hapa orodha za matangazo zinadanganya. Samaki kilo 20 siku ya kwanza ya safari ya siku 4 ni tatizo. Barafu kwenye joto letu haifiki siku ya tatu. Jodari, kibua na jamii yao wakiachwa juani hutengeneza sumu ambayo haiondoki hata ukimkaanga samaki mpaka awe mkaa. Mtu anavimba, anawashwa, anatapika, na hospitali iko nyuma ya kilomita 15 za maji. Wazee walikuwa na ng'onda: mpasue samaki, mtie chumvi, kwa kawaida kilo moja ya chumvi kwa kilo 3 za samaki, mwanike. Kama huna chumvi wala nia ya kazi hiyo, basi vua cha kula jioni hiyo na uache. Samaki unayemrudisha majini akiwa hai hahitaji barafu.

Wapo watakaosema nimewaharibia raha, nimefanya safari ya vijana ifanane na zoezi la jeshi. Pia watasema orodha yangu ni ya wenye pesa. Kwa la pili, soma tena: jaketi, maji, kamba, chumvi, karatasi ya maji kujaa na kupwa, mazungumzo na mzee mmoja. Vyote hivyo pamoja havifikii bei ya ile droni. Kwa la kwanza, raha ya bahari siijui bila usingizi, na sijaona anayelala vizuri akiwa na lita 2 za maji.

Marafiki zangu walikasirika kidogo, kisha wakafuta Julai. Walikwenda Novemba, kwenye tangambili, siku 3, wakifuata pwani kuelekea kusini bila kukipoteza nchi kavu machoni, wakilala bara kila usiku kwa ruhusa ya wenyeji, na wakiwa na vitu 26. Katika siku 3 walipata changu 4 na pono mmoja. Siku ya kwanza na ya tatu hawakupata kitu kabisa. Walikula ugali na maharage, wakanywa chai, wakasikiliza wavuvi wa kambi jirani wakibishana kuhusu mpira hadi usiku. Hakuna video. Mmoja wao ameshaanza kuuliza ya Machi.

Bado kuna kitu kimoja, nacho sikukibuni mimi. Ni swali la mwisho alilouliza mzee yule wa Pangani kwenye simu: "Nani anabaki pwani?" Marafiki zangu walidhani anauliza habari za kulinda gari. Mzee alikuwa anauliza ni nani anayejua mmetoka wapi, mnapita wapi, mnarudi saa ngapi, na saa hiyo ikipita atamwambia nani. Simu ya redio ya baharini, kama mnaweza kuipata, ina chaneli 16, ambayo ni ya dharura dunia nzima. Ila hata redio inataka mtu wa upande wa pili. Wenye kukodisha kayaki wangepaswa kuuliza swali hili kabla ya kupokea pesa, na wengi niliowaona wanauliza kitambulisho tu.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika majina yenu, rangi za kayaki, njia, mahali pa kulala kila usiku, na saa ya kurudi. Mpe mtu anayebaki pwani, mwenye simu, anayewapenda kiasi cha kusumbua watu usiku. Mkishafanya hivyo, tafuteni ndoana.